Kisanduku cha Kibofu

Kazini sote tulimwita Ustadha, hata wale waliomzidi cheo, na hapa nitamwacha na jina hilo hilo. Alizaliwa wapi, wazee wake akina nani, alikuja Maskati mwaka gani, hayo waulizwe watu wa kwao. Mimi namjua kwa miaka kumi na moja ya kukaa naye chumba kimoja, yeye kwenye hadubini ya dirishani, mimi kwenye ile ya ukutani. Halafu namjua kwa kosa nililomfanyia. Nilitupa kitu alichokithamini kuliko vyote, na aliponiuliza nikamwambia sikukiona. Nimelibeba jambo hili hadi limenichosha, na sioni tena faida ya kulipamba.

Maabara yetu ilikuwa mtaa wa Azaiba, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mapazia. Kazi tuliyoajiriwa ilikuwa ya asali. Mfuga nyuki anakuja na chupa yake, anaapa kwamba nyuki wake hawajagusa ila maua ya mkunazi, nasi tunachuja chavua iliyomo ndani ya asali na kuitazama. Chavua ni ule ungaunga wa maua, na kila mmea una punje za umbo lake, kwa hiyo kiapo hakisaidii kitu. Ustadha aliifanya kazi hiyo kwa haki lakini bila raha. Mapenzi yake yalikuwa kwenye mimea inayokula wadudu.

Ukisikia hivyo utadhani alikuwa mtu wa ajabu ajabu. Hakuwa. Alikuwa mwanamke mfupi, magoti yanamuuma, miwani moja machoni na nyingine kichwani, akiitafuta ya tatu. Mimea yenyewe ndiyo ya ajabu. Kuna unaonata kama gundi, kuna wenye kikombe kirefu ambacho nzi akiingia hatoki, na kuna ule unaoelea majini bila mizizi, umejaa vijifuko vinavyofyonza viluwiluwi vya mbu. Huu wa mwisho aliuita kibofu, na ndio aliokuwa akiuota.

"Watu wote wanatazama mdomo," alikuwa akisema. "Mmea unakula nzi, basi macho yote mdomoni. Mdomo unabadilika kwa maji, kwa jua, kwa njaa. Chavua haibadiliki ovyo. Wewe nenda kwenye chavua."

Akanifundisha kwenda. Ule unaonata na ule wa kikombe, punje zao hazitengani, zimeshikana nne nne tangu ndani ya ua mpaka kuoza. Kibofu punje yake hukaa peke yake, na imezungukwa na mifuo kama boga dogo. Aina moja ina mifuo michache, nyingine ina mingi, na aina mbili ambazo majini huwezi kuzitenganisha hutengana ukishahesabu. Basi asubuhi na jioni neno lake lilikuwa hilo moja, hesabu mifuo.

Siku moja nilihesabu kumi na nne. Hakuinua kichwa. "Rudia." Nikapata kumi na tano. "Rudia." Kumi na nne tena. Nikamwambia macho yamechoka.

"Mie sikukuuliza kama umechoka. Nimekuuliza mingapi."

Akavuta kiti chake kwa ile kelele ya miguu ya chuma, akatazama mwenyewe kwa muda ambao chai yangu ilipoa, akasema ni kumi na tano, mmoja nilikuwa nimeuanzia nikausahau. Hakunisema zaidi. Mchana akanimegea nusu ya mkate wake wa kumimina, nami nikajua yameisha. Kwa chakula alikuwa na mkono mkunjufu. Kwa sifa alikuwa bahili kupita kiasi. Katika miaka yote ile aliniambia "si vibaya" mara mbili, na mara moja kati ya hizo alikuwa anazungumzia chai.

Slaidi, yaani kile kioo chembamba kinachowekwa chini ya hadubini, lazima ifungwe pembeni hewa isiingie, na hakuna kinachofunga vizuri kama rangi ya kucha. Ustadha hakuwahi kujipaka rangi ya kucha maishani mwake, kwa ajili ya udhu, lakini alikuwa akinunua chupa tano kwa mpigo kwenye soko la Sib. Muuzaji, mwanamke wa Kimanga mwenye asili ya Unguja, akamtania: "Bibi, nyumbani kuna harusi?"

"Kuna maiti," Ustadha akamjibu. "Nnawafunga wasioze."

Alinisimulia hayo huku akipaka, bila kucheka, na mimi nilicheka hadi nikaharibu slaidi mbili. Alinifanya nizirudie zote.

Mtu huyo huyo, aliyeweza kutenganisha punje mbili zisizoonekana kwa macho, hakuweza kuitambua gari yake. Maskati magari meupe hayana idadi. Tukitoka kazini alikuwa akisimama juani, anabonyeza ufunguo na kusikiliza ipi italia. Nikimcheka ananiambia magari hayana chavua. Alitaka chumba kiwe kimya, asisikie hata kijiko kwenye kikombe, ilhali yeye mwenyewe alikuwa akiongea na punje mchana kutwa, akizikaripia zilizolala kifudifudi. Na Kiswahili changu hakikumridhisha kamwe. Kwetu ni Tabora, naye aliona watu wa bara tunarefusha maneno bila sababu. Nikisema nina kazi, ananirudisha pale pale: "Nna. Nna kazi. Usilivute, si mpira."

Wenzetu walimshauri apige picha chavua zake, kamera ya kufunga kwenye hadubini ilikuwepo. Akakataa katakata. "Picha haina nyuma," alisema. Alimaanisha kwamba punje ni ya duara, na ukizungusha kile kifundo cha hadubini unaishuka taratibu kutoka juu hadi chini yake, wakati picha inakupa upande mmoja tu. Hapo alisema kweli. Ukaidi huo ndio uliokuja kumponza, nami nikausaidia.

Na kulikuwa na ukaidi wa pili. Vibandiko vyake vyote aliviandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa utotoni. Waarabu wa ofisini waliweza kuyatamka maneno, lakini maana yake hawakuipata. Waswahili wa rika langu maana tunayo, lakini kusoma Kiswahili kwa herufi zile hatukuzoea. Alinifundisha mimi peke yangu, mchana baada ya mchana, nyuma ya fomu za asali. Wapo wanaoongeza nukta juu ya fe ili isomeke ve. Yeye hakuongeza. "Mwenye lugha atajua mwenyewe," alisema. Kwake f na v zilikuwa herufi moja, na o na u alama moja. Katika jengo lote tulikuwa wawili tu tunaoweza kusoma mwandiko wake, na nilijivunia hilo kuliko cheti changu.

Sasa dimbwi. Mwaka mmoja baada ya mvua alikwenda na binti yake mkubwa kwenye bonde moja la milimani, akakuta kibofu kimechanua. Kibofu kisicho na maua ni nyuzi za kijani tu, hakuna mtu wa maana atakayekiapia ni cha aina gani. Safari hii kilikuwa na maua matatu ya manjano. Jumapili asubuhi, ambayo huku ndiyo siku ya kwanza ya kazi, alifika kazini kabla ya mlinzi, ameshika kichupa kwa mikono miwili. Tulitoa chavua, tukaisafisha kwa asidi, tukafunga slaidi, tukahesabu kwa siku nyingi. Mifuo haikulingana na ile aina ambayo kila mtu alisema ndiyo iliyoko nchi hii. Ililingana na aina aliyoijua kutoka mabwawa ya Pemba.

"Ni wa kwetu huyu," akasema. Nikamuuliza amefikaje huku. "Siye tulikuja kwa ndege, na yeye kaja kwa ndege. Kwenye matope ya miguu." Hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona akivua miwani zote mbili.

Kulikuwa na watu waliokuwa wanaandaa orodha ya mimea ya nchi. Akawaandikia. Wakamjibu kwa adabu kwamba wakiziona slaidi wataiingiza aina hiyo, na jina lake litaandikwa kama aliyeitambua. Hakuwa mtu wa kutaka jina, lakini hili alilitaka, na hakulificha. Aliniambia waziwazi kwamba maisha yake yote amewatambulia watu asali zao, na kabla hajafa anataka kutambua kitu kimoja cha kwake. Angezipeleka siku ile ile, ila alitaka kwanza ahesabu punje mia, na katikati ya hesabu jicho likaingia ukungu. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, afanyiwe upasuaji. Kabla hajarudi hospitali kwa upasuaji, mafuriko yalishuka bondeni yakalijaza dimbwi kokoto. Binti yake alikwenda kutazama mara mbili, hakukuta kitu. Zikabaki slaidi.

Wiki ya upasuaji wake ndiyo tuliyoambiwa tuhame Azaiba twende Ansab. Nilifungasha peke yangu siku tatu. Viyoyozi vilikuwa vimeshang'olewa, na kila saa mchukuzi ananiuliza hiki kinakwenda au kinabaki. Nikampigia simu Ustadha, naye akaniambia kwa sauti ya mtu aliyefungwa bendeji: "Vibovu vyote tupa. Hatuhamii na takataka."

Nikatupa. Asidi zilizoharibika, vioo vilivyopasuka, visanduku vya slaidi zilizoota ukungu. Juu ya rafu yake nikakuta kisanduku cha mbao ambacho sikuwa nimewahi kukiona. Juu yake kulikuwa na neno moja kwa mwandiko wake. Nikalisoma: kibovu. Nilikifungua, nikainua slaidi moja dirishani. Ilikuwa na namba tu, na pembeni rangi ya kucha ilikuwa imefifia. Hadubini zilikuwa zimeshafungwa kwenye maboksi. Ningeweza kumpigia tena, simu ilikuwa mfukoni. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na uhakika, kwa sababu mimi ndiye niliyejua kusoma. Mwarabu wa masjala angeuliza. Mchukuzi angeuliza. Nikakimimina kwenye pipa la vioo vilivyovunjika, na gari la taka likalichukua kabla ya adhuhuri.

Alirudi kazini baada ya wiki mbili, amevaa miwani nyeusi, akapita kwenye rafu mpya akigusa kila kisanduku kwa kidole. "Kisanduku cha kibofu kiko wapi?" akauliza. "Slaidi nilizihamishia kwenye kile cha mbao kabla ya hospitali."

Ilinibidi nilisikie neno lile likitamkwa ndipo nielewe. Kibofu, kibovu. Kwenye karatasi yake yalikuwa neno moja, halina tofauti hata ya nukta. Nilifungua mdomo nimwambie, nikasikia mdomo unasema: "Sikukiona, Ustadha."

Ningesema kweli kesho yake ingekuwa rahisi. Kesho yake alikuwa anapekua maboksi kwa magoti yale, nikapekua naye, nikitafuta kitu nilichojua hakipo. Baada ya hapo ikawa vigumu zaidi kila siku. Aliponiuliza, "Lakini unakumbuka tulizifunga pamoja?" nikamwambia tulifunga nyingi, pengine ziliharibika, pengine alizichanganya na nyingine. Watu wa orodha waliniandikia kuniuliza kama niliziona. Nikawajibu kwamba sikumbuki vizuri. Orodha ikatoka bila mmea wake. Alipoletewa nakala aliifungua ukurasa husika, akaufunga, akaomba chai.

Alistaafu mwaka uliofuata. Sikwenda kumtembelea. Nilituma salamu za Idi kwa simu, nikijipa visingizio vya umbali, na kutoka Ansab hadi Sib si umbali wa kumshinda mtu mwenye gari. Watu waliniambia bado anaulizia kile kisanduku. Alimuuliza mchukuzi, alimuuliza mlinzi wa jengo la zamani, alimuuliza hata mwenye duka la mapazia. Kila niliposikia nilisema masikini, uzee, na wao wakasema masikini, uzee. Naona haya kuliandika hilo kuliko mengine yote.

Mwezi uliopita binti yake mkubwa akanipigia, yule wa safari ya dimbwi.

"Dada, Mama kaanza kusahau," akasema. "Tumempeleka kwa daktari, na daktari anataka kujua ilianza lini. Siye tumemwambia ilianza na kile kisanduku. Mie maua niliyaona, siwezi kukataa, lakini kisanduku cha mbao hakuna aliyekiona ila yeye. Wewe ulikuwa naye kazini. Hakikuwepo, sivyo?"

Nikamwambia nitakuja Ijumaa. Uongo wangu ulikuwa umeandikwa kwenye faili la hospitali, mstari wa kwanza wa ugonjwa wake.

Nilimkuta sebuleni baada ya sala, amekonda, kanga mbili juu ya gauni ingawa kulikuwa na joto. Binti yake alikuwa jikoni. Nikamwamkia: "Shikamoo, Ustadha."

"Marahaba, mwanangu. Umenisusa." Alinijua mara moja, jina na ukoo, akaniuliza kama watu wa Tabora bado wanavuta maneno. Nikaona watu wa nyumbani kwake hawajui wanalosema, huyu hana ugonjwa wowote. Hilo lilinipa moyo na kunitia hofu kwa pamoja. Kabla ya kahawa nikamwambia. Nilimwambia nilikiona kisanduku, kilikuwa juu ya rafu, nikasoma kibovu, nikakitupa, kisha nikamwambia sikukiona. Nikamwomba msamaha.

Akaanza kuuliza, swali moja moja, kama alivyokuwa akiuliza juu ya punje.

"Cha rangi gani?"

"Cha mbao, hakikupakwa rangi. Kifuniko cha kuteleza."

"Juu nimeandika kwa wino gani?"

"Wa kijani."

"Ndani slaidi ngapi?"

"Sikuzihesabu, Ustadha."

"Hukuzihesabu," akasema, na akatikisa kichwa kidogo. Kisha uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuitegemea, kwa sababu mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. "Kumbe kilikuwepo," akasema. "Nilikuwa nacho. Wallahi nilikuwa nacho." Akapaza sauti kuelekea jikoni: "Mwanangu! Njoo! Njoo usikie!"

Binti yake akaja na kitambaa mkononi. Nikarudia yote mbele yake, kisanduku, neno, pipa, uongo. Alinitazama hadi nikainamisha macho.

"Unajua tumemfanyia nini?" akaniuliza taratibu. "Kila akikitaja tulikuwa tunamwambia, Mama, hakuna kitu kama hicho. Watoto walikuwa wanamcheka. Akaacha kuulizia hata vitu vyake vingine, akawa anaogopa."

"Mwache," Ustadha akasema. "Keshasema. Wewe mpigie daktari, umwambie kilikuwepo."

Niliandika barua moja ya ushahidi pale pale, kwa daktari na kwa watu wa orodha, nikaitia saini. Slaidi hazitarudi na mmea hautaingia, hilo tulilijua sote watatu, lakini aliichukua karatasi akaishika kifuani. Tulikunywa kahawa. Alizungumza vizuri juu ya nyuki, juu ya bei za soko, juu ya jicho lake. Nilipoaga sikuomba msamaha tena, kwa kuwa nilishaomba na hakunijibu, nami sikuwa na haki ya kumharakisha. Nilihisi wepesi kidogo. Nilikuwa nimevaa kiatu kimoja pale mlangoni aliponiita.

"Mwanangu," akasema, na ile barua bado anayo mkononi, "siku tuliyohama, kile kisanduku changu cha kibofu, ati kweli wewe hukukiona?"

Binti yake aliyekuwa amesimama kando yangu akageuza uso ukutani. Nikaelewa kwamba kosa lilikuwa kosa langu, na ugonjwa ulikuwa ugonjwa kweli, na viwili hivyo vilikuwa vimekaa pamoja kwenye kiti kile. Nikavua kiatu. Nikarudi nikakaa chini karibu na magoti yake.

"Nilikiona, Ustadha," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekitupa."

Alinitazama, akasubiri, na uso ukaanza kufunguka polepole kama vile hajawahi kusikia.

"Kumbe kilikuwepo," akasema. "Mwite mwanangu aje asikie."